Nimefungua biashara nne, sasa nataka ya tano: jibu kwa mkimbiaji wa zamani wa Kigoma

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nilisoma chuo cha ualimu, na chuoni nilikuwa mkimbiaji wa mita 800 na 1500. Nilifika hadi mashindano ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA, nikarudi na medali. Ajira haikutoka, goti nalo likaanza kunisumbua kwa sababu nilikuwa nakimbia hivyo hivyo linauma, basi nikaingia kwenye biashara. Mwaka 2018 nilianza na vitenge. Vilienda vizuri, ila baada ya mwaka na nusu nikavichoka, nikatoa hela nikafungua steshenari yenye mashine ya fotokopi karibu na chuo, Januari 2020. Machi vyuo vikafungwa kwa ajili ya corona, mashine nikaiuza kwa hasara. Mwaka 2022 nikaingia kwenye dagaa: nanunua Kibirizi, nauza Tabora. Nilifikisha mtaji wa shilingi 2,100,000. Shida ya dagaa ni kwamba siku za mbalamwezi hela inakaa tu, nikaona nisiilaze. Februari 2024 nikatoa 900,000 nikafungua uwakala wa fedha. Mei ziwa likafungwa miezi mitatu, biashara ya dagaa ikafa. Uwakala upo mpaka leo, unaniingizia kamisheni kama 220,000 kwa mwezi, lakini haunisisimui. Sasa nimepata wazo la sabuni za mawese, na kuna watu wako tayari kunikopesha milioni 3 kwa riba ya asilimia 10 tu, narudisha kwa miezi sita. Nimekuwa nikiangalia video za wanamichezo wa vyuo vya Marekani waliofungua kampuni tano, sita. Wanasema ukiwa mwanamichezo biashara iko kwenye damu, usiogope kuanza upya. Mume wangu anasema nina pepo la kuanza vitu. Je, mimi ni mjasiriamali kama wale au nina tatizo? Na mkopo huo nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakushukuru kwa kuandika na tarakimu. Wengi huniandikia kwamba biashara "ilienda vizuri" au "ilikufa" bila kutaja hata shilingi moja, na hapo mshauri anabaki kubahatisha.

Umeuliza maswali mawili, lakini hofu naona ni moja: kwamba hizo biashara nne ni ushahidi wa kitu kibaya kilichomo ndani yako. Nitakujibu bila kukuficha. Sioni pepo hapo. Naona kosa moja la fedha, ulilolifanya mara mbili, na naona tabia ya uwanjani inayokusukuma ulirudie mara ya tatu.

Nianze na mkopo, maana huo una watu wanaokusubiri. Unasema riba ni "asilimia 10 tu". Asilimia 10 ya nini, na kwa muda gani? Ikiwa ni ya miezi yote sita, utarudisha 3,300,000, yaani 550,000 kila mwezi. Ikiwa ni ya kila mwezi juu ya mkopo mzima, na wakopeshaji wengi wa mtaani hivyo ndivyo wanavyomaanisha, basi kila mwezi kuna 300,000 ya riba peke yake. Kwa miezi sita riba inafika 1,800,000, jumla utarudisha 4,800,000, sawa na 800,000 kwa mwezi. Na riba hiyo unaendelea kuilipia milioni 3 nzima hata mwezi wa tano, wakati sehemu kubwa ya ile milioni 3 umeshairudisha. Hii ndiyo mikopo tunayoiita kausha damu, na haikupata jina hilo bure.

Sasa weka 800,000 kando ya kamisheni yako ya 220,000. Hata ukichukua hesabu ile nafuu ya 550,000, sabuni zingetakiwa kukupa fedha safi mara mbili na nusu ya uwakala wako kuanzia mwezi wa kwanza, kabla mteja hajakuzoea na kabla mkono wako haujazoea kazi. Haiwezekani, na ningekwambia hivyo hivyo hata kama wazo lenyewe lingekuwa zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka Kigoma. Jibu langu kwa mkopo huo ni usichukue. Kwa siku za mbele, kabla ya kusaini popote, omba uoneshwe leseni: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa nayo chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Anayekasirika ukimwomba leseni amekwishakujibu.

Tuje kwa wale wa kwenye video. Kujifunza kwa waliofanikiwa si vibaya, lakini video ya dakika kumi hukata vipande ambavyo wewe ndivyo unavyovihitaji. Mchukue Phil Knight, mwanzilishi wa kampuni ya viatu ya Nike. Alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati wa Chuo Kikuu cha Oregon, kama wewe, chini ya kocha Bill Bowerman. Mwaka 1964 yeye na kocha wake walitoa dola 500 kila mmoja wakaanza kuagiza viatu vya mbio kutoka Japani, na Knight alikuwa akiviuza kwenye mashindano ya riadha akivitoa kwenye gari lake. Kipande kinachokatwa ni hiki: kwa miaka kama mitano aliendelea kufanya kazi ya uhasibu, kisha kufundisha chuo, na mshahara huo ndio uliomlisha ili viatu visiliwe. Aliacha kazi ya kuajiriwa mwaka 1969, na jina la Nike likaja 1971. Kevin Plank, aliyecheza mpira wa Kimarekani Chuo Kikuu cha Maryland, yeye kweli alianza zaidi ya kitu kimoja. Akiwa mwanafunzi aliuza maua ya waridi msimu wa Valentine, na akiba ya maua ndiyo aliyoanzia Under Armour, kampuni ya nguo za michezo, mwaka 1996, kwenye nyumba ya bibi yake. Alikopa pia kwenye kadi za benki, sikufichi. Lakini biashara ya kwanza ilitoa akiba, haikukatwa mguu ili ya pili isimame. Magic Johnson, mcheza mpira wa kikapu aliyechukua ubingwa wa vyuo na Michigan State mwaka 1979, alipoingia kwenye majumba ya sinema na migahawa alikuwa na fedha za miaka mingi ya NBA na washirika wenye makampuni makubwa. Huyo hawezi kuwa kipimo cha mama wa Mwanga mwenye watoto wawili.

Halafu kuna ile kauli kwamba kila ukianguka umejifunza, kwa hiyo biashara ya tano itafanikiwa. Inapendeza kusikia. Paul Gompers na wenzake wa Harvard waliwahi kuchunguza kampuni za Marekani zilizopewa fedha na wawekezaji wakubwa. Waliokwishafanikiwa mara moja, karibu 30 kati ya 100 walifanikiwa tena. Walioanza kwa mara ya kwanza walikuwa karibu 20 kati ya 100. Walioshindwa kisha wakaanza tena? Nao karibu 20, tofauti ndogo mno na mgeni kabisa. Zile ni kampuni za aina nyingine, na tarakimu zile usizihamishie kwenye biashara yako. Ninachotaka ukione ni kwamba kushindwa peke yake hakumfundishi mtu kitu. Anayejifunza ni yule anayekaa chini kufungua biashara iliyokufa na kutazama ilikufia wapi. Basi tuifungue ya dagaa, maana humo ndimo jibu lako lilimo.

Unajua kuliko mimi jinsi kazi ya ziwani inavyokwenda. Wavuvi wanatoka usiku na taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawapandisha. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu wavuvi wengi wanapumzika na mwalo wa Kibirizi unapoa. Hapo ndipo ulipoitazama hela yako ukasema imelala. Mdogo wangu, haikuwa imelala. Ilikuwa inangoja giza, ili asubuhi ya kwanza mitumbwi ikirudi imejaa uwe pale na fedha taslimu, uchague mzigo msafi uliokaukia kwenye chanja, badala ya kupokea uliobaki wenye mchanga. Ilikuwa inangoja pia masika, siku ambazo mvua inakunyima jua na mzigo mbichi unakuharibikia. Na ilikuwa inangoja mteja wako wa Tabora aliyechukua magunia mawili kwa mali kauli akasema atalipa wiki ijayo. Huo ndio mtaji wa kuzungusha. Sehemu yake fulani lazima ionekane haina kazi, maana kazi yake ni kuwepo siku ya shida.

Wewe ulichukua 900,000 katika 2,100,000. Ukabaki na 1,200,000, na ukadhani biashara imepungua kidogo tu. Lakini nauli yako ya Tabora, chakula cha njiani na malazi ni vile vile uwe na magunia manane au manne. Mzigo ulipungua, gharama ya safari haikupungua, kwa hiyo faida ya kila gunia ililiwa na safari. Nyumbani matumizi yalibaki yale yale, ada na kodi ya nyumba havikujua kwamba umegawa mtaji. Kuanzia Februari ulikuwa umeanza kula mtaji, na nina hakika Aprili ulishaona magunia yanapungua ukasema ni msimu mbaya.

Kisha ziwa likafungwa, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Wewe unasema kufungwa kwa ziwa ndiko kulikoua biashara. Mimi nasema kufungwa kuliikuta inaumwa. Ungekuwa na ile 2,100,000 nzima ungeweza kununua dagaa wakavu kabla ya tarehe, ukawahifadhi mahali pakavu, ukawauza Juni na Julai wengine wakiwa hawana mzigo. Au ungekaa tu, ukala kwa kubana, ukarudi mwaloni Agosti na mtaji wa kuanzia. Sikuambii haya ili ujilaumu. Nakuambia kwa sababu kosa la Februari lilifanyika miezi mitatu kabla ya hasara kuonekana, na kosa la namna hiyo ni gumu kulikamata mwenyewe.

Vitenge ni hadithi ile ile, tena mapema zaidi. Umeandika "nikavichoka". Hukusema wateja waliisha, wala bei ilipanda, wala mtu wa kukuletea mzigo alikuangusha. Biashara ilikuwa inatembea, wewe ukachoka. Steshenari ni jambo jingine na naomba uitoe kabisa kwenye mzigo unaoubeba. Kufungua Januari 2020 karibu na chuo, kisha Machi vyuo vikafungwa nchi nzima, hiyo ni bahati mbaya tupu, na hata mfanyabiashara mzoefu angeumia. Kwa hiyo katika nne, moja ilikufa kwa bahati mbaya, mbili ulizikata mguu mwenyewe zikiwa zinatembea, na moja ipo. Hiyo si rekodi ya mtu aliyeshindwa maisha.

Sasa kwa nini ulizikata? Hapa ndipo riadha inapoingia. Mwanamichezo wa chuo anaishi kwa msimu: kambi, mazoezi ya kupanda polepole, mashindano, medali au machozi, kisha mapumziko na lengo jipya. Mwili na akili vinazoea kwamba kila juhudi ina siku yake ya mwisho na watu wa kukupigia makofi. Vitenge havina siku hiyo. Mwezi wa kumi na nane ni kama wa kumi na saba, mteja ni yule yule, anauliza bei ile ile. Mfanyabiashara aliyekulia dukani kwa baba yake anauona utulivu huo anasema Alhamdulillah. Mkimbiaji anauona anahisi amesimama, na kwake kusimama ni kushindwa. Basi anatafuta mstari mpya wa kuanzia. Siku ya kufungua biashara mpya ina msisimko ule ule wa kusubiri bastola ilie, na ukweli ni kwamba hakuna siku nyingine kwenye biashara inayofanana na uwanja kama hiyo. Wanasaikolojia wa michezo wameandika mengi kuhusu wanamichezo wanaoacha: aliyekuwa amejijua kama mwanamichezo na si kitu kingine ndiye anayehangaika zaidi kupata pa kujishika. Wewe uliacha kwa goti na kwa kukosa ajira, vyote viwili ndani ya muda mfupi. Sishangai kwamba unatafuta mstari.

Kuna na tabia ya pili ya uwanjani. Ulifundishwa kuvumilia maumivu, kwamba mzunguko wa pili wa mita 800 unauma na bingwa ni anayeendelea. Kwenye biashara hasara ni taarifa, inabidi usimame uisome. Goti lako lenyewe umelieleza vizuri: lilikuwa linauma ukaendelea kulikimbilia, mpaka likakutoa. Mkopo wa kausha damu unachukuliwa kwa roho hiyo hiyo.

Lakini video hazikukosea zote. Riadha imekupa vitu ambavyo wafanyabiashara wengi hawana. Unaweza kuamka alfajiri kufanya jambo ambalo hakuna anayelitazama. Unaweza kuambiwa na kocha kwamba unakosea na kesho ukarudi. Unajua kushindwa mbele ya watu bila kujificha ndani wiki nzima. Na kubwa kuliko yote, ulikuwa unapima. Nina hakika ulijua mzunguko wako wa kwanza ulikuwa sekunde ngapi na wa pili ngapi, tena kwa kila shindano. Sasa niambie: safari ya mwisho ya Tabora ilikupa faida gani baada ya kutoa nauli, ushuru, malazi na dagaa waliokatika katika? Kama jibu ni "kama laki hivi", basi uliacha saa ya kupimia uwanjani. Ichukue. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha, mstari mmoja kwa kila siku: kilichoingia, kilichotoka, kilichochukuliwa nyumbani.

Kama unataka mfano wa mwanamichezo, tunaye wa kwetu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza toka mwanzo hadi mwisho. Watu wanakumbuka alivyotoka mbele, wanasahau kwamba mwendo ule alikuwa ameufanyia mazoezi, haukuwa papara. Mwaka 1980 Moscow akachukua medali ya fedha, safari hiyo kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji. Baadaye yeye na mkewe Anna wakajenga shule, Kimara na Kibaha, kuanzia awali hadi sekondari. Tazama mpangilio huo: akitoka kwenye shule anaingia kwenye shule nyingine. Anachokijua kwenye moja kinamfaa kwenye ya pili, wazazi ni wale wale, jina ni lile lile. Huyo naye ameanza vitu zaidi ya kimoja. Tofauti yako na yeye ni kwamba vitenge havikukufundisha kitu cha fotokopi, wala fotokopi haikukufundisha dagaa.

Na kwa kipimo hicho sabuni za mawese si wazo baya. Mawese yapo hapa hapa, Simbo na Mwandiga si mbali, na uwakala wako unapitisha watu kila siku ambao wote wanafua. Ila isome biashara yenyewe kabla hujaipenda. Bei ya dumu la lita 20 hushuka wakati wa mavuno makubwa na kupanda mawese yakiadimika, kwa hiyo mtengeneza sabuni anayepona ni mwenye hela ya kununua na kuweka. Sabuni ikishamiminwa na kukatwa, kwa njia ya baridi inakaa kwenye rafu wiki nne hivi ikikauka, la sivyo inayeyuka kwenye beseni la mteja naye harudi. Maduka yatataka kuchukua kwanza walipe baadaye. Unaona? Hela italala kwenye dumu, italala kwenye rafu, italala kwenye duka la watu. Ni dagaa na mbalamwezi yao tena, mara tatu. Kama hujajifunza kuiangalia fedha inayosubiri bila mikono kuwasha, sabuni itakushinda kabla ya mwaka. Na kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haina mchezo: vaa glovu na kinga ya macho, mimina kostiki kwenye maji na kamwe usimimine maji kwenye kostiki, maana huchemka ghafla na kuruka, na watoto wawe mbali.

Basi ufanye nini? Ungeweza kubaki na uwakala peke yake. Ni salama, lakini nakujua sasa, baada ya miezi michache utaichukua floti, ile fedha ya kuendeshea uwakala, ukaianzishie kitu, na uwakala usio na floti ni kibanda tu. Ungeweza kurudi kwenye dagaa. Hilo silikatai hata kidogo, una ujuzi wake na wateja Tabora, ila mtaji wake huna kwa sasa, na ni lazima uende ukijua kwamba kufungwa kwa ziwa kunaweza kutangazwa tena. Ushauri wangu ni sabuni, kwa kipimo cha dumu moja. Weka kwenye kibubu sehemu ya kamisheni, 50,000 kwa mwezi kama nyumba itaruhusu, bila kugusa floti, mpaka utimize dumu moja na vifaa vyake. Tengeneza, subiri ikauke, uza taslimu pale pale kibandani, andika kila shilingi. Faida ikirudi nunua dumu la pili. Rudia mpaka ukione kitu kimoja: fedha iliyotoka imerudi na ziada, angalau mizunguko mitatu mfululizo, bila kuongezewa na uwakala. Hapo ndipo tuzungumze kukua. Utaona ni polepole mno. Ni polepole kweli, na itakuudhi. Lakini mizunguko hiyo mitatu itakuambia kuhusu soko la Mwanga kitu ambacho milioni 3 za watu haziwezi kukuambia.

Ukifika hapo, kuna fedha zisizo na riba. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Zinatolewa kwa vikundi, kwa hiyo anza sasa kutafuta wanawake unaowaamini, na nenda kamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako akueleze masharti ya sasa. Usitarajie wiki mbili. Katika kikundi hicho mtafute hasa mmoja anayependa kazi ya kila siku isiyobadilika, anayefurahia kupanga sabuni kwenye rafu kwa ukubwa. Wewe una nguvu ya kuanza na ya kuuza, yeye atakuwa na nguvu ya kubaki.

Na urudi kukimbia. Nalisema hili kama ushauri wa biashara. Una njaa ya mashindano na hiyo njaa ni halali, ila umekuwa ukiilisha mtaji. Lakini goti lionwe kwanza. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni uonane na daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba, akuambie unaweza kufanya nini. Kama mbio hazitawezekana, shule za msingi za jirani zina watoto wanaojiandaa na UMITASHUMTA na wengi hawana mtu aliyewahi kushika saa. Wewe ni mwalimu kwa mafunzo, hiyo kazi unaijua.

Mumeo ametumia neno linaloumiza, na naelewa kwa nini limekukaa moyoni. Lakini nadhani ameona kitu sahihi akakosa jina lake: ameona fedha inaondoka kwenye kitu kinachotembea. Usibishane naye kuhusu pepo. Mfungulie daftari, mwoneshe hesabu ya Februari 2024 kama nilivyoiandika hapa, kisha mkubaliane jambo moja kwa maandishi, kwamba hakuna fedha itakayotoka kwenye mtaji wa biashara yoyote bila ninyi wawili kukaa na kulala usiku mmoja juu yake. Faida mnaweza kuijadili. Mtaji haujadiliwi wima.

Mambo mengine hayafai kumalizwa kwa kuandikiana. Kwa upande wa sabuni, fika ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Kigoma kabla hujanunua kostiki. Wanafundisha utengenezaji, na ndio wanaompa mzalishaji mdogo barua ya kumtambulisha TBS, Shirika la Viwango, siku bidhaa yake ikiwa tayari kwa alama ya ubora. Nenda na daftari lako. Ikiwa kuna mkopo wowote ambao mumeo haujui, au umeshaanza kukopa huku ili ulipe kule, au umeweka rehani kitu cha ndani, usingoje mizunguko mitatu wala minne: tafuta mtu wa msaada wa kisheria, asome mkataba wako mstari kwa mstari. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba familia ingekuwa afadhali bila wewe, nenda hospitali leo, umweleze daktari hivyo hivyo bila kuficha, na umwambie mtu mmoja nyumbani akusindikize.

Kama umeshachukua zile milioni 3 kabla ya kusoma jibu hili, usizitumie. Rudi kwao kesho asubuhi na fedha zikiwa kamili, uulize kwa maandishi gharama ya kuvunja mkataba ni kiasi gani, na uilipe hata kama ni ya kuuma. Laki moja au mbili za kutokea mlangoni ni nafuu kuliko 1,800,000 za miezi sita.